Hasan al-Basri na upanga alioukataa

Mwaka 701 mtu mmoja wa karibu miaka 60 alijitupa majini mjini Basra ili asiende vitani. Hakuwa mtu asiyejua vita, maana ujanani alikuwa amepigana upande wa Kabul na Sijistan. Wala hakuwa mtu wa pembeni ambaye asingeonekana akikosekana. Hasan alikuwa mwanachuoni anayesikilizwa kuliko wote mjini, na hiyo ndiyo sababu walimtaka. Inasimuliwa kwamba watu walimwambia Ibn al-Ash'ath, jemadari aliyekuwa ameasi: ukitaka watu wafe mbele yako kama walivyokufa kumzunguka ngamia wa Bibi Aisha katika Vita vya Ngamia, mtoe Hasan. Akatolewa kwa nguvu. Walipozubaa kidogo akajirusha katika mmoja wa mito ya mji, akawaponyoka.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha Ibn Saad, mwandishi wa wasifu wa Waislamu wa mwanzo, aliyefariki karibu karne moja na ushei baada ya Hasan. Mimi nakiamini kuliko visa vingi vya mtu huyu kwa sababu moja tu: hakimpambi. Mshabiki anayemtungia shekhe wake karama angemsimamisha mbele ya jeshi akihutubia kwa sauti ya radi. Asingemtungia kisa cha kulowa chapachapa.

Je, alifanya sawa? Kila Waislamu wanapopata mtawala dhalimu, jina la Hasan al-Basri hutolewa sandukuni. Wapo wanaomleta kuwa hoja ya utii: tazameni, zahidi (mtu aliyeipa dunia kisogo) mkubwa kuliko wote alimvumilia hata Hajjaj, liwali katili wa Iraki. Wapo wanaomlaumu kwamba zuhudi yake ilimpa dhalimu usingizi mzuri. Kwa maoni yangu kila upande umesoma nusu ya ukurasa. Hasan aliukataa upanga; ulimi hakuuweka chini. Hata hivyo sababu aliyoitoa ya kuukataa upanga ina ufa ndani yake, na ufa huo hauzibiki kwa kumsifu.

Alizaliwa Madina mwaka wa 21 Hijria, yaani 642, zama za ukhalifa wa Umar. Baba yake, Yasar, alikuwa mateka kutoka Maysan, kusini mwa Iraki, aliyeletwa Madina na baadaye akapata uhuru. Mama yake, Khaira, alikuwa mtumishi wa Umm Salama, mke wa Mtume. Wapokezi wanasema mama akitumwa na mtoto akaanza kulia, Umm Salama alimpa titi kumnyamazisha, na wenye kupenda mambo hayo huongeza kwamba ufasaha wake wote ulitoka hapo. Basi tuna mtoto wa mateka, asiye na kabila la Kiarabu la kujivunia, aliyelelewa mlangoni mwa nyumba ya Mtume.

Akiwa na miaka 14 hivi aliishi Madina siku khalifa Uthman alipozingirwa na kuuawa nyumbani kwake, mwaka 656. Naomba msomaji aishike tarehe hiyo, kwa kuwa naona mengi aliyoyafanya uzeeni yana mizizi pale. Waliomuua Uthman walikuwa Waislamu waliokuja na malalamiko, na si yote yalikuwa ya uongo. Walidai haki. Walichoacha ni Vita vya Ngamia nje ya Basra mwaka uleule, kati ya Bibi Aisha na khalifa Ali, vita vya Siffin mwaka uliofuata, kisha umma uliogawanyika ambao haujapata kuungana tena. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake, kisha akahamia katika mji uliokuwa bado unahesabu wajane wa Ngamia, hangeweza kusikia neno "tusimame dhidi ya dhalimu" kama anavyolisikia mtu aliyelisoma vitabuni.

Kabla ya Hajjaj, neno moja kuhusu zuhudi yenyewe, maana hapo nako picha yetu imepinda. Tukisikia zahidi tunamwaza mtu aliyekonda, kanzu ya viraka, kipande cha mkate mkavu. Imepokewa kwamba Hasan alinunua nyama ya nusu dirhamu kila siku, na kwamba alivaa vizuri. Alikuwapo Basra zahidi mwingine, Farqad, mvaaji wa sufi, aliyekataa kula faludhaji, tamu ya asali, siagi na wanga (wapo watakaosema ni jamaa ya halua yetu, nami sibishi). Alikataa kwa hoja kwamba hataweza kuishukuru neema hiyo ipasavyo. Hasan akauliza: kwani maji baridi anaweza kuyashukuru? Na juu ya ile sufi alimwambia maneno makali, kwamba wapo wanaoweka unyenyekevu nguoni na kiburi moyoni.

Alichokikataa yeye ni kudanganywa na dunia, na alijua kwamba njaa nayo yaweza kuwa pambo. Watu wake wa karibu walisema ukimwona ungedhani ametoka sasa hivi kumzika mpenzi wake. Darsa zake zilirudia jambo lilelile kwa sura mia: ewe mwanadamu, wewe ni siku za kuhesabika, na kila siku ikipita imepita sehemu yako. Mtu wa aina hii huwatisha watawala kwa njia ambayo wenyewe hawaielewi vizuri. Utamhonga kwa nini? Utamtisha kwa kifo, naye kifo ndicho anachokizungumza asubuhi na jioni?

Hajjaj bin Yusuf aliifika Iraki mwaka 694 akiwa liwali wa khalifa Abdulmalik bin Marwan, akaitawala miaka 20 hadi alipokufa mwaka 714. Wanaomtetea watataja mifereji, sarafu, nidhamu. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo moja alilolifanya Basra ambalo, nikilisoma, namwelewa kila aliyechomoa upanga.

Wakulima wa vijijini walikuwa wamesilimu na kuhamia mjini. Aliyesilimu hapaswi kulipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, kwa hiyo makusanyo yakapungua, na maofisa wa kodi wakamwandikia liwali kulalamika. Hajjaj akaamuru kila mwenye asili ya kijiji arudishwe kijijini kwake na kodi aendelee kulipa, awe amesilimu au hakusilimu. Mwanahistoria Tabari anasimulia kwamba watu hao walitolewa nje ya mji, wakapiga kambi huko wakilia, wakiita, "Ewe Muhammad! Ewe Muhammad!" Hawakujua waende wapi. Wasomaji wa Kurani wa Basra walitoka wakaenda kulia nao. Haukupita muda Ibn al-Ash'ath akafika na jeshi lake, na wasomaji wale wakajiunga naye. Walikuwa wamekwisha kuona dini yenyewe ikigeuzwa daftari la mapato.

Hasan alikuwa mmoja wao kwa damu. Baba yake alitoka katika ardhi hiyohiyo, watu haohao. Kama mateka wa Maysan asingepelekwa Madina, mwanawe angeweza kuwa ndani ya kambi ile akilia. Sasa watu wa mji walipomjia wakisema, unasemaje juu ya kupigana na dhalimu huyu aliyemwaga damu ya haramu, akachukua mali ya haramu, akaacha Sala? Jibu lake lilikuwa: msipigane naye. Akiwa ni adhabu kutoka kwa Mungu, hamtaiondoa adhabu ya Mungu kwa panga zenu. Na akiwa ni mtihani, subirini mpaka Mungu ahukumu. Aliwakumbusha aya ya Suratul Muuminun inayowalaumu walioshikwa na adhabu wasinyenyekee kwa Mola wao. Wakatoka wakimkejeli: tumtii huyu asiye Mwarabu? Wakaenda na Ibn al-Ash'ath, na wengi hawakurudi.

Hoja za kumtetea zipo, na si nyepesi. Mtazame kwanza aliyeshika bendera. Abdulrahman bin Muhammad bin al-Ash'ath alikuwa mwana wa ukoo wa kifahari wa kabila la Kinda, aliyetumwa na Hajjaj huyohuyo kwenda kupigana upande wa Zabulistan, katika Afghanistan ya leo, na jeshi lililovaa vizuri hata likaitwa Jeshi la Tausi. Uasi haukuanza kwa machozi ya wakulima. Ulianza kwa ugomvi wa jemadari na mkuu wake: Hajjaj alimwandikia barua za matusi akimtaka asonge mbele badala ya kusubiri, na askari walikuwa wamechoka na vita vya mbali. Machozi ya wakulima yalikutana na jeshi likiwa njiani kurudi.

Hoja ya pili ndiyo inayonipa kazi kubwa zaidi. Mambo yalipokuwa mabaya, khalifa Abdulmalik aliwatumia waasi pendekezo: nitamwondoa Hajjaj, posho zenu zitakuwa sawa na za watu wa Shamu (Siria, makao ya khalifa), na Ibn al-Ash'ath atachagua mji wowote wa Iraki autawale. Hajjaj mwenyewe alifadhaika aliposikia. Iraki ikakataa. Walijiona wana nguvu, adui ana njaa, ushindi uko mlangoni. Wakapigana mahali paitwapo Dayr al-Jamajim, karibu na Kufa, siku kama 100, wakashindwa. Kama dhulma ya Hajjaj ndiyo iliyokuwa shabaha, dawa ililetwa hadi kitandani na mgonjwa akaimwaga. Mwishowe Hajjaj alibaki miaka 13 zaidi, akajenga mji wa Wasit na kuweka humo majeshi ya Shamu ili watu wa Basra na Kufa wasipate tena kuinua kichwa. Said bin Jubair, mwanafunzi wa Ibn Abbas na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa zama zake, aliishi akijificha zaidi ya miaka 10, kisha akakamatwa Makka na kuuawa na Hajjaj karibu na mwisho wa maisha ya Hajjaj mwenyewe.

Anayemlaumu Hasan atasema: umehukumu vita kwa matokeo yake. Angeshinda Ibn al-Ash'ath ungemwita shujaa. Kweli, na ningekubali hapo, lau isingekuwa kwamba Hasan alisema yaleyale mwaka 720, safari hiyo kwa ufafanuzi zaidi. Yazid bin al-Muhallab aliasi mjini Basra akilingania Kitabu na Sunna, na kudai kupigana na watu wa Shamu kuna thawabu kuliko kupigana na Waturuki. Hasan, mzee wa karibu miaka 78, alinyanyua sauti msikitini. Kwa maana yake alisema: jana tu mtu huyu alikuwa akiwakata watu hawahawa vichwa na kuwapelekea wana wa Marwan, makhalifa wa Shamu, ili wamridhie, leo amekasirika nao, akachomeka mti na kuufunga kitambaa, akasema, mimi nimewahalifu, nanyi wahalifuni. Waliokaa naye walimrukia wakamziba mdomo kwa kumhofia.

Mtu mmoja akamshambulia: kwa hiyo umeridhika na watu wa Shamu? Hapo Hasan akageuka. Mimi niridhike na watu wa Shamu? Mungu awaangamize! Si wao walioihalalisha Madina ya Mtume wakaua watu wake siku tatu? Si wao walioiendea Nyumba ya Mungu wakaibomoa na kuiwasha moto? Alikuwa akizungumzia vita vya Harra, huko Madina, vya mwaka 683 na kuzingirwa kwa Makka. Maneno hayo aliyasema hadharani, chini ya ukoo uleule wa Bani Umayya uliofanya mambo hayo. Anayemtumia Hasan kuwa shekhe wa utii lazima aliruke fungu hili la Tabari, na wengi wanaliruka.

Kwa hiyo hakuwa upande wa serikali. Alikuwa na swali ambalo waasi hawapendi kuulizwa: huyu anayeniita nife naye, jana alikuwa wapi?

Ufa nilioutaja uko kwenye ile kauli ya adhabu ya Mungu. Katika Iraki ya siku zile kulikuwa na mjadala mkali juu ya kadari, yaani majaliwa ya Mungu na hiari ya mwanadamu, na haukuwa wa darasani tu. Watawala waliupenda usemi kwamba lililotokea ndilo Mungu alilolipanga, kwa kuwa kama utawala wangu umepangwa na Mungu, na mijeledi yangu imepangwa na Mungu, wewe unamlaumu nani? Mwandishi Ibn Qutayba anasimulia kwamba Ma'bad al-Juhani na Ata bin Yasar walimwendea Hasan wakamwambia: wafalme hawa wanamwaga damu za Waislamu, wanachukua mali zao, kisha wanasema matendo yetu yanakwenda kwa kadari ya Mungu. Hasan akajibu: maadui wa Mungu wamesema uongo.

Mtu huyu, basi, alimnyang'anya mtawala kisingizio cha kadari. Dhambi ni yako, usimsingizie Mungu. Kisha mtu huyuhuyu akawaambia waliodhulumiwa: Hajjaj ni adhabu ya Mungu, msiisukume kwa mikono yenu. Ma'bad aliyasikia maneno ya kwanza akayapeleka yanakokwenda: alijiunga na Ibn al-Ash'ath na akauawa. Unaweza kusema Ma'bad alikuwa mwanafunzi mwenye mantiki kuliko mwalimu.

Watetezi husema hakuna mgongano. Mungu anaweza kuwaadhibu watu kwa mkono wa dhalimu na dhalimu akabaki na dhambi yake, kama Kurani inavyosimulia Wana wa Israeli walivyotumiwa maadui waliowavamia majumbani. Kuiita hali yao adhabu kuna maana moja ya kimaadili ambayo haipaswi kudharauliwa: inawarudishia watu wa Iraki swali la matendo yao wenyewe. Waliobadilisha viongozi kama wabadilishao kanzu, waliomwita Husein, mjukuu wa Mtume, kisha wakamwacha auawe Karbala, wasijifanye kwamba ubaya wote umeletwa na liwali kutoka Taif. Nalikubali hili kama mawaidha. Kama fatwa linanishinda. Adhabu ya dhambi za nani? Yule mkulima aliyesilimu majuzi, aliyetolewa mjini na mtoto mgongoni, alimsaliti nani Karbala? Mafundisho yanayotaka mjeledi uwe na mwenyewe hayawezi wakati huohuo kumwambia anayechapwa kwamba mkono unaomchapa asiushike.

Nadhani Hasan mwenyewe aliujua uzito huo. Angesema tu kwamba uasi huu hautafaulu na damu itamwagika bure, ingemtosha, na historia ingekuwa shahidi wake. Badala yake alifunga hesabu ya kisiasa kwa kamba ya kiakida, na kamba hiyo ndiyo waliyookota waliokuja baadaye. Katika karne zilizofuata msimamo wa kutomwasi mtawala Mwislamu, hata akiwa dhalimu, ukawa kanuni katika vitabu vya itikadi vya Ahlus-Sunna. Hasan hakuiandika kanuni hiyo, na uzoefu wa Dayr al-Jamajim ulichangia kuliko maneno ya mtu yeyote mmoja. Lakini aliiachia lugha.

Tukitaka kupima kama kuukataa upanga kulikuwa woga, kuna kikao cha karibu mwaka 721 ambacho kwangu kinatosha. Liwali mpya wa Iraki, Umar bin Hubayra, aliwaita wanazuoni watatu: Hasan, Ibn Sirin na Shaabi wa Kufa. Akawauliza: khalifa Yazid (bin Abdulmalik, si yule mwasi) ananiletea amri, nyingine naona si za haki, nami nazitekeleza. Mnasemaje? Ibn Sirin na Shaabi walijibu kwa maneno ya kujikinga. Hasan akasema: ewe Ibn Hubayra, mwogope Mungu katika mambo ya Yazid, wala usimwogope Yazid katika mambo ya Mungu. Mungu anaweza kukukinga na Yazid, Yazid hawezi kukukinga na Mungu. Yu karibu Malaika kukutoa katika kasri yako pana akakutia katika kaburi lako jembamba. Hakuna kumtii kiumbe kwa kumwasi Muumba.

Ibn Hubayra akatoa zawadi, na ya Hasan ikawa kubwa kuliko za wenzake. Shaabi akatoka akisema, kwa maana yake, tulijirahisisha kwake naye akaturahisishia malipo.

Shaabi ni nani? Ni yule aliyebeba silaha na Ibn al-Ash'ath! Alishindwa, akasamehewa na Hajjaj kwa ufasaha wa udhuru wake, na miaka 20 baadaye yuko mbele ya liwali akipima maneno. Simlaumu, mtu aliyekwisha kuliona jambia shingoni ana haki ya kupima maneno. Ila kisa hiki kinavuruga ile orodha nyepesi ya mashujaa na wanyonge. Aliyepigana alinyamaza, na aliyekimbia kupigana ndiye aliyesema. Upanga humtaka mtu awe jasiri siku moja. Ulimi wa Hasan ulidumu chini ya maliwali kadhaa, na Hajjaj alipojenga Wasit aliukemea ujenzi huo mpaka ikambidi aishi mafichoni, kuanzia karibu mwaka 705 hadi Hajjaj alipokufa. Habari za kifo hicho zilipomfikia, inapokewa, alisujudu sijida ya shukurani akaomba: ewe Mola, umemfisha, basi zifishe na desturi zake. Mtu aliyeamini Hajjaj ni kheri iliyofichika asingesujudu hivyo.

Umar bin Abdulaziz alipokuwa khalifa (717 hadi 720), Hasan alikubali ukadhi wa Basra, ingawa hakukaa nao muda mrefu. Tena huyo ndiye mtawala ambaye imenasibishwa kwamba Hasan alimwandikia barua za kumwonya juu ya dunia. Basi hakuikimbia serikali kwa sababu ni serikali.

Nimekuwa nikisema "inasimuliwa" mara nyingi, na si kwa adabu tu. Hasan hakuacha kitabu tunachoweza kukishika kwa uhakika kwamba ni chake. Ile risala maarufu kwa Abdulmalik, inayotetea hiari ya mwanadamu, imetiliwa shaka na watafiti kama Michael Cook na Suleiman Mourad, wanaoona dalili za mkono wa baadaye. Kila kundi lilimtaka. Mu'tazila, kundi la wanaakida waliotetea hiari ya mwanadamu, walimhesabu miongoni mwa watu wao, ingawa jina lao linasemekana lilitokana na Wasil bin Ata kujitenga na halaka (duara la darsa) ya Hasan. Masufi walimfanya mzee wao, wakamkutanisha na Rabia al-Adawiyya katika visa vitamu ambavyo kalenda inavikataa, maana Hasan alipofariki mwaka 728 Rabia alikuwa bado mtoto. Wanahadithi walimheshimu huku wakilalamikia hadithi zake za mursali, ambazo humruka sahaba na kwenda moja kwa moja kwa Mtume. Hata hilo lina riwaya yake ya kisiasa: kwamba alimwambia mwanafunzi, ninaposema "Mtume kasema" bila kutaja mtu, nimeipokea kwa Ali, ila niko katika zama ambazo siwezi kulitaja jina la Ali, kwa kuwaogopa Bani Umayya waliokuwa mahasimu wake. Wahakiki wengi wanakanusha kwamba aliwahi kusikia hadithi kwa Ali. Suyuti, mwanachuoni wa Misri wa karne ya 15, aliandika risala nzima kuthibitisha kwamba alisikia.

Kwa nini Suyuti ajisumbue? Kwa sababu silsila za tariki, yaani minyororo ya masheikh wa vyama vya Kisufi, zinapita hapo: Ali, Hasan al-Basri, Habib al-Ajami, Dawud at-Tai, Maaruf al-Karkhi, na kuendelea hadi Junaid. Ukikata pale, mnyororo umekatika. Mnyororo huo ndio unaofika kwetu. Qadiriyya iliyoenezwa Unguja na bara na Shekhe Uways wa Barawa, na ile ya Bagamoyo chini ya Shekhe Ramiya, ina Hasan ndani ya silsila yake, na wanaosimama katika zikri huko wanalitaja jina la mtoto wa mateka wa Maysan, wajue wasijue alivyojitupa majini.

Pwani hii imewahi kuona pia jinsi mawaidha ya akhera yanavyoweza kusomwa na watawala. Mwaka 1908 ilizagaa katika miji ya Tanganyika ya Mjerumani ile iliyoitwa Barua ya Makka, ikidaiwa kutokana na ndoto kwenye kaburi la Mtume, ikiwahimiza Waislamu watubu maana Kiyama kimekaribia. Hakukuwa na bunduki ndani yake, lakini serikali ya kikoloni iliona uchochezi, na jicho lake likawageukia watu wa tariki. Hajjaj angewaelewa maofisa wale. Anayewakumbusha watu kaburi, anawakumbusha pia kwamba liwali ataingia humohumo. Shekhe Uways mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata, 1909, huko Somalia, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, waliokuwa wakipigana jihadi dhidi ya wakoloni. Waliobeba upanga walimuua aliyebeba silsila. Sijui Hasan angesema nini, lakini asingeshangaa.

Kiungo cha pili kati ya Hasan na pwani yetu kinapitia Oman. Jabir bin Zayd, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, aliishi Basra wakati mmoja na Hasan, na walikuwa marafiki. Ibadhi, madhehebu ya masultani wa Unguja, wanamhesabu Jabir kuwa imamu wao wa mwanzo; vitabu vya Sunni vinapokea kwamba aliwakana. Karibu mwaka 93 Hijria Jabir alikuwa anakata roho. Wakamuuliza anatamani nini. Akasema: kumtazama Hasan.

Hasan wakati huo alikuwa mafichoni, anatafutwa na watu wa Hajjaj. Mtu akaenda kumpasha habari. Majasusi wa liwali walikuwa mjini, na kutoka nje ya nyumba ile kungeweza kumgharimu kichwa. Hasan alitoka usiku, akaja akakaa kando ya kitanda cha rafiki yake, wakazungumza, na Hasan akamhimiza kutamka shahada. Usiku ukazidi kwisha na Jabir bado hajafa. Mwanga ulipokaribia, Hasan alimwombea dua, akanyanyuka, akarudi mafichoni kabla watu hawajatoka kwenda msikitini.